Baba, Mashine Ilikiita Kigoda Chako Bunduki

Mpendwa Baba,

Mwanao Ekai yuko nyumbani. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda habari inayozungukazunguka. Yuko mzima, amelala chali kivulini, anakoroma vile ulivyokuwa ukikoroma wewe, na mbuzi wameshiba. Sasa tulia nikueleze tulipopita.

Unakumbuka siku uliyomchongea kigoda? Najua unajua ekicholong ni nini, lakini barua hii itasomwa na wengine, kwa hivyo nivumilie: ni kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanaume wa Kiturkana hatoki bila kukibeba, mchana ni kiti, usiku ni mto. Mimi nilikuwa nakushikia mti nawe ukinigombeza kwamba natetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ulipomaliza ukamfunza Ekai kukining'iniza kwa kamba ya ngozi kwenye ncha ya fimbo, fimbo begani, ili mkono mmoja ubaki huru kumbeba mtoto wa mbuzi aliyechoka. Ukamwambia, "Mwanaume hakai chini kama mzigo ulioanguka." Nikakuuliza, na mwanamke je? Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka, kisha ukanisogezea kigoda chako nikikalie, jambo ambalo wazee wenzako hawangelipenda hata kidogo. Nilikaa pale nikijiona chifu.

Baada ya kukuzika, hifadhi moja ya wanyama huku kwetu, jina naliacha, iliweka kamera kwenye miti ya upande wa malisho. Hizi si kamera za kupiga picha tu. Zimetiwa hii inayoitwa akili unde: zinatazama, zinaamua zenyewe kama aliyepita ni ndovu, ni ng'ombe, ama ni mtu mwenye silaha, halafu zinapiga kengele kwenye simu za askari wa wanyama. Mimi sikuzipinga. Wewe mwenyewe uliporwa ngamia na wezi wenye bunduki, ukakaa siku nyingi bila kuongea na mtu. Nikasema heri jicho lisilolala.

Alasiri moja jicho hilo likamwona Ekai. Fimbo begani, kigoda kinaning'inia nyuma, mwenyewe anapiga mluzi. Mashine ikasema: bunduki. Askari wakaja na gari, wakamzunguka, wakamwamuru apige magoti. Baba, mwanao alipiga magoti kwenye mchanga huku bunduki za kweli zikimtazama, na kama angeogopa akakimbia, kama ambavyo mimi ningekimbia, leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine kabisa. Aliyemwokoa ni Guyo, yule Mborana tuliyekuwa tukinywesha naye mbuzi mtoni. Siku hizi ndiye mkubwa wa zamu ya askari hao. Alishusha mtutu wa mwenzake kwa mkono wake.

"Wacha," akasema. "Hiyo si bunduki. Hiyo ni kiti ya Mturkana."

Wakamwachilia, wakamwomba msamaha, hata maji wakampa. Tukadhani yameisha. Kumbe mashine haikuwa na habari ya msamaha. Ndani yake sura ya Ekai ilibaki imeandikwa mtu wa silaha, na kila alipopita kamera yoyote, hata mikono mitupu, kengele ililia na gari likaja. Guyo hawezi kuwa kazini kila siku. Basi Ekai akaacha kwenda upande wenye nyasi, mbuzi wakaanza kuhesabika mbavu, na kigoda akakitundika ukutani. Nilimwona mtoto wako amekaa juu ya jiwe, Baba, na hakunitazama usoni.

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku tuliyokuzika, maana wewe ulikwenda umeshiba siku zako. Kila niliposikia gari likinguruma kwenye ile njia ya vumbi, niliacha cherehani na nguo ya mtu katikati ya mshono, nikatoka mlangoni kuhesabu watu waliomo, nione kama Ekai ni mmoja wao. Wateja walinivumilia mpaka wakachoka.

Mwishowe chifu akaitisha baraza, na kampuni iliyoleta zile kamera ikatuma kijana mmoja kutoka Nairobi. Mpole, mwenye heshima, aliwaamkua wazee mmoja mmoja. Alieleza kwamba mashine ilifunzwa kwa picha za nchi za mbali huko, na haijawahi kuona kigoda kwenye fimbo. Hapo nilimwelewa. Kisha akaharibu. Akauliza kwa upole wake wote, kwani haiwezekani wachungaji waache tu kubeba hivi vitu wakienda malishoni?

Unanijua mdomo wangu, nimeurithi kwako. Nilisimama nikamwambia wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo mwenyeji apigwe risasi. Watu wakacheka, naye akacheka kwa aibu, lakini mimi sikuwa nacheka. Nikamuuliza swali lililokuwa likininyima usingizi.

"Hii mashine ikikosea na ndugu yangu akauawa, ni nani ataitwa hapa mbele ya chifu kujibu?"

Yule kijana, nampa heko, hakutafuta maneno ya kujificha. Alisema, kwa sasa hakuna. Akasema pia hiyo si sawa, na kwamba hata sheria ya nchi inamruhusu Ekai kudai picha yake ifutwe.

Walibishana mpaka jua likageuka, mama yetu naye akipiga kelele kwamba kamera zisiondolewe, wezi watarudi. Hazikuondolewa. Sura ya Ekai ilifutwa, nasi tukaketi na yule kijana kuifundisha mashine: akapiga picha za fimbo, vigoda, mikuki na miavuli mpaka wazee wakaanza kujipamba. Lakini kilichonipa pumzi ni sharti hili: hakuna askari atakayetoka na bunduki kwa neno la mashine peke yake. Mtu anayetujua ataiangalia picha kwanza, aamue, na jina lake liandikwe kuwa ndiye aliyeamua. Guyo alikubali jina lake litangulie.

Jana Ekai alikitoa kigoda ukutani. Nilimfuata kwa nyuma, naye akijifanya hanioni. Tulipofika penye ule mti wa kamera mimi nilisimama, lakini yeye alipita, fimbo begani, mbuzi mbele. Punde simu yake ikalia. Akaiweka kwenye sauti kubwa ili nami nisikie.

"Ekai, picha yako imefika. Nimeiangalia mimi mwenyewe, Guyo. Endelea na mbuzi."

Nililia pale pale njiani, Baba, nikicheka, mpaka mbuzi wakageuka kunishangaa. Ekai akaniambia niache kumwaibisha. Leo nimeshona tangu asubuhi, magari yamepita njiani, na sijatoka mlangoni hata mara moja.

Basi pumzika, mzee wangu. Mashine nyingine zitakuja, hospitalini, shuleni, kila mahali, nasi tutaziuliza swali lile lile. Nimekukosa sana, lakini huko uliko, usimtazamie Ekai upesi.

Ni mimi binti yako, ambaye bado ana ndugu.