Siku Babu Alipozikwa Nilikuwa Kwenye Basi la Bodiam

Ilford, London
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Mwende,

Kabla hujasoma zaidi, funga mlango. Nakusihi, neno lolote lililo humu lisimfikie Mama wala mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu na kumpa Mwanamwema, jirani yangu anayekuja Mombasa Alhamisi. Simu yako huchezewa na watoto.

U hali gani? Mgongo umepoa baada ya kulala chini siku zote zile za matanga? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama, na baridi imeanza mapema. Pole tena kwa kumpoteza Baba yako. Najua pole hii ilipaswa kuja kwa miguu.

Nimeona kwenye video Mama akiwaambia waombolezaji kwamba bosi wangu alininyima ruhusa, na mchungaji akiwaongoza kumwombea Bwana Nitin moyo wake ulainike. Mama Mdogo, Bwana Nitin hakuninyima. Alinipa siku kumi siku ile ile, akaniambia, "Nenda kamzike mzee wako, faili zitakungoja." Aliyekataa kuja ni mimi.

Sababu ni kibali cha kuishi huku. Cha zamani kimekwisha na ombi la kipya bado halijajibiwa. Nikitoka nchini kabla ya jibu, itahesabiwa kuwa nimeliondoa mwenyewe, na huenda nisirudi tena. Lakini mwezi wa Machi nilimwambia Mama karatasi zimetoka, kwa kuogopa presha yake, naye akatoa shukrani kanisani. Ningesemaje tena? Nikamsingizia bosi. Bwana Nitin naye nikamwacha aamini ninasafiri, maana akijua kibali changu kinaning'inia, naogopa atatafuta karani mwingine.

Basi hata kubaki Ilford sikuweza. Ofisi iko mtaa wa pili, na wenye maduka wote wananijua. Nikabeba begi, nikapanda treni Stratford hadi Ashford, kisha treni ndogo hadi Rye. Nilichagua miji midogo yenye ngome kwa sababu sijawahi kusikia Mkamba aliyekwenda kutazama kuta zilizobomoka. Usidhani nilistarehe. Huko basi hupita kila baada ya saa mbili, Jumapili mahali pengine halipiti kabisa, na usipoinua mkono dereva hasimami. Nilishinda kwenye vituo visivyo na paa, kofia imenifunika macho. Pevensey nilizunguka ngome mara tatu nikingoja treni, wala siwezi kukueleza inafananaje.

Ijumaa ya mazishi nilikuwa kwenye basi la kutoka Hastings kwenda Bodiam. Akaingia mama mmoja mwenye sare ya wahudumu wa wazee. Akanitazama, akanitazama tena.

"Wewe si mtoto wa Mwalimu? Uso ni wake, mpaka hilo paji!"

Ni Mumbi, Mama alimfundisha shule ya msingi Machakos. Kabla sijajibu alishaniegemea na kupiga picha.

"Namtumia Mwalimu sasa hivi, afarijike. Hebu ngoja. Si leo ndiyo mnamzika mzee?"

Nikamweleza, nikamwomba asiitume. Akairudisha simu mfukoni.

"Sitatuma. Lakini akiniuliza nitasema. Huyo mama alinichapa darasa la nne kwa uongo mdogo kuliko huu wako, kijana."

Akashuka kwa bibi anayemhudumia. Mimi nikaendelea hadi Bodiam. Ngome ile imezungukwa na maji pande zote. Nilisimama darajani nikavua kofia, kwenu ikiwa saa saba mchana, jeneza linashushwa. Nasikia mdogo wangu Eddie ndiye aliyebeba picha ya Babu. Hiyo ni kazi ya mjukuu wa kwanza, na mimi mkononi nilikuwa na tiketi ya basi.

Leo nimerudi kazini. Bwana Nitin akauliza mazishi yalikwendaje. Nikamsimulia yote niliyoyaona kwenye video, naye akavua miwani akafuta macho.

Mumbi anakuja Kenya tarehe 18, na lazima ataenda kwa Mama kutoa pole. Sitaki Mama alisikie hili kwake. Nataka nimwambie mwenyewe, ila asiwe peke yake.

Nisalimie Baba Tony na watoto. Eddie mwambie asante kwa kusimama mahali pangu. Mungu awafariji, akupe nguvu kwa mzigo ninaokutwika.

Jumamosi tarehe 15 uwe Machakos. Hakikisha Mama amekula na amemeza dawa. Usiniandikie kwenye kundi la familia. Saa kumi jioni nibipu kwa namba atakayokupa Mwanamwema, nami nitapiga. Mpe Mama simu, ukae karibu naye, usitoke hata akikuambia utoke. Nikinyamaza usikate. Nitakuwa natafuta pa kuanzia.

Wako akupendaye, na anayeomba umpende bado,

Elkana