Mwano wa Chumba cha Pamba

Dodoma,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Kuna chafya yako moja imenikaa masikioni wiki mbili sasa. Ni chafya ndogo, imekatwa katikati, ile iliyokupata ndani ya chumba cha pamba likizo iliyopita. Naisikia nikiwa kwenye foleni ya chakula, naisikia kanisani wakati wa mahubiri. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nikusalimie ulivyonifundisha: mwangaluka, mayu. Goti linaendeleaje? Kikohozi cha Baba kimetulia? Mvua zimefika Migato, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wenzenu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nasoma.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ukiipokea unaiweka sauti kubwa, na jirani aliyekuja kuomba chumvi anakaa chini kusikiliza. Haya nataka uyasome peke yako kwanza. Barua inakuja na basi hadi Bariadi. Maduhu, mtoto wa kaka yako, yule fundi simu, ataichukua stendi akuletee. Nimemwambia asiifungue, na nadhani safari hii atanisikia.

Kila mara unawaambia watu kwamba nasomea utangazaji, nami sikukusahihisha. Utangazaji upo, lakini somo linaloninyima usingizi ni lile la kuupima ujumbe. Ukiletewa habari, picha au sauti, unauliza: nani kaitengeneza? Anataka nifanye nini nikishaisikia? Kabla ya kunifikia, nini kimekatwa? Nilikuwa hodari sana wa maswali haya, Mama. Niliyauliza kwa kazi za wenzangu wote.

Unakumbuka nilivyokusumbua? Tulitakiwa kurekodi sauti ya nyumbani ambayo mtu wa kwetu akiisikia haulizi, anajua la kufanya. Mimi nikataka mwano, yowe letu la kuita msaada. Ukanikatalia siku tatu. "Minza, mwano haupigwi kwa mchezo. Ukipigwa, mwanaume anaacha tonge hewani anashika fimbo. Unataka sungusungu waje hapa waniulize mwizi yuko wapi, niwaambie yuko shuleni?" Siku ya nne ukanionea huruma. Pamba ilikuwa bado haijaenda kwenye mizani, imejaa karibu kufika darini. Tukajibana kati ya pamba na ukuta, ukavuta mlango, ukaniangalia kama mtu anayeiba kwake mwenyewe, ukapiga. Nywele zilinisimama. Nje kuku hata mmoja hakushtuka. Pamba ilimeza kila kitu. Hapa chuoni wana chumba cha kurekodia chenye kuta za sponji, lakini hakishindi chumba chetu. Kisha vumbi la pamba likakuingia puani, chafya ikakutoka, tukacheka mpaka tukaketi chini.

Kazi ile niliipeleka na maelezo. Mwanzoni nilisema kwa sauti yangu kwamba huu ni mwano wa Wasukuma, umepigwa na mama yangu kwa ombi langu, hakuna aliyevamiwa. Nilipata alama za juu kuliko darasa zima, nikavimba kichwa. Siku hiyohiyo nikamtumia Maduhu ili aone. Lakini sikumtumia ile yenye maelezo. Niliona maneno yangu yanaipunguzia makali sauti yako, nikayakata. Nikakata na chafya, ila sikuikata vizuri. Kipande chake kikabaki mwishoni.

Wiki mbili zilizopita mwalimu alituambia kila mmoja alete ujumbe mmoja uliozunguka kwenye makundi ya simu ya nyumbani kwao, tuupime pamoja. Alipofikiwa Sayi, kijana wa Meatu anayekaa nyuma yangu, akaweka simu yake kwenye spika. Ukasikika mwano. Mnyamwezi mmoja akasema, "Ninyi Wasukuma hata kumwita mbuzi mnaita hivyo!" Watu wakacheka. Sayi hakucheka. Akasoma maandishi yaliyoambatana nao: wezi wa ng'ombe wamevamia Migato, mmoja anakimbilia Kimali kwa pikipiki nyekundu, usambaze haraka.

"Ilifika kwetu Kimali saa tisa alasiri," alisema Sayi. "Saa kumi akapita muuza mashuka anatoka mnadani. Pikipiki yake nyekundu. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika."

Mwalimu akauliza, "Sauti hii imerekodiwa wapi?" Mmoja akajibu porini, mwingine akasema zizini. Mwalimu akairudia. "Sikilizeni vizuri. Hakuna upepo. Hakuna mbwa. Hakuna anayeitikia. Na mwishoni kuna nini pale?" Akairudia tena. "Ni kama chafya," akasema msichana wa mbele. "Mtu anayeibiwa ng'ombe atakumbuka kupiga chafya?" Wakacheka tena. Mama, mimi peke yangu mle ndani nilikuwa na jibu. Nilitazama meza yangu mpaka kipindi kikaisha.

Nikampigia Maduhu. "Dada, mimi niliiweka kwenye grupu la vijana wa stendi tu," akasema. "Niliandika, sikieni shangazi yangu anavyowaita wanaume. Basi."

"Na maneno ya wezi?"

"Sijui katia nani. Si unawajua watu kwa kutia chumvi? Mimi ya kwangu nimeshaifuta. Na wewe futa yako. Nani atajua?"

Sikuweza hata kumkasirikia. Yeye aliongeza mstari mmoja wa utani, asiyejulikana akaongeza mstari wa uongo, lakini aliyeanza kukata ni mimi.

Ndipo nikakupigia. Najua ulitoka nje ukaenda mpaka kwenye ua wa minyaa, kwa sababu nilisikia unavyohema. Uliniacha nimalize, ukasema, "Nyamaza mwanangu. Nakuomba unyamaze. Mwano wa uongo umemkuta nani akabaki salama?" Ukanikumbusha yule mama wa ng'ambo ya mto aliyepiga mwano kwa kumkasirikia mumewe, kijiji kikamtenga msimu mzima. Hakuna aliyekwenda kumpalilia, hakuna aliyempa moto, na mtoto alipougua alimbeba mgongoni peke yake hadi zahanati. "Unataka nife hivyo?" ukauliza. "Yule muuza mashuka atapona. Mkono huunga."

Nilikuahidi kunyamaza. Nilikusudia kabisa kuitunza ahadi ile, Mama, usidhani nilikuongopea. Nilikaa nayo siku sita. Nilijiambia kwamba mtoto hamchomi mama yake, na hilo ni kweli hata sasa. Nilijiambia kwamba mimi sikuandika neno lolote kuhusu wezi. Hilo nalo ni kweli, ila nililipima kama tulivyofundishwa, nikaona ni ukweli uliokatwa kama ile sauti.

Siku ya saba nikamwomba Sayi namba ya yule mtu. Anaitwa Hamisi, anakaa Bariadi mjini. Nilitaka tu kusikia kwamba anapona, ili nitulie.

"Mkono utaunga, binti," aliniambia, kana kwamba mlikuwa mmekubaliana maneno. "Tatizo si mkono. Nimeuza Kimali tangu sijaoa. Shuka za maharusi wao zimetoka kwangu, nikikuta msiba nashusha mzigo nakaa nao. Sasa nimetuma mtu akanichukulie pikipiki, wamemwambia mwizi aje mwenyewe. Nikasema, mwizi wa nini? Nani kaibiwa? Wakajibu, mwano tuliusikia kwa masikio yetu."

Nikampa pole, nikairudia.

"Wewe ni nani, binti?"

"Mwanafunzi," nikasema.

"Haya. Soma," akasema. "Na usiamini kila unachosikia." Akacheka kidogo, akaguna kwa maumivu. Nikakata simu kabla ya kumuaga. Sijawahi kujiona mdogo kama siku hiyo.

Nilipoweka simu nilielewa kitu ambacho hata mwalimu hakukisema. Watu wa Kimali si wajinga. Walitii sauti ambayo babu zao waliitii, sauti iliyowaokolea ng'ombe na watoto, na haikuwahi kuja bila mtu anayeipiga akiwa amesimama hapo, unamwona. Mimi niliwapelekea mwano usio na mwenyewe. Na hawataamini kwamba haukuwa wa kweli mpaka mwenyewe atokee. Mwalimu akiwaambia, watamwona mtu wa vitabu. Polisi wakisema, watasema Hamisi kahonga.

Nimeomba radhi kwa Mungu, lakini Mungu hakuvunjwa mkono. Na kwako naomba radhi mara mbili, kwa kukushawishi siku ile, na kwa haya utakayosoma chini. Nilifikiri sana namna ya kusema bila kukutaja. Nikajaribu kusema sauti ni yangu. Lakini kijiji kizima kinaijua sauti yako, unaongoza nyimbo kanisani kila Jumapili. Uongo wangu ungekaa siku moja tu, na baada yake hata ule ukweli mwingine wangeutupa.

Nisalimie Baba. Umsomee wewe mwenyewe, taratibu, akishakula. Nisalimie bibi mzaa baba na umwambie shanga alizonipa bado ninazo. Nisalimie mdogo wangu Kabula, asiache hesabu. Nisalimie mama mkwe wa kaka, na mwalimu wa kwaya. Maduhu akikukabidhi barua mpe maji anywe, usimgombeze. Nimeshamgombeza kwa ajili yetu wote.

Jana asubuhi nilimpigia kamanda wa sungusungu wa Kimali. Nilitaja jina langu, jina la Baba, na kijiji. Nikamwambia mwano ule ulipigwa na mama yangu chumbani, kwa ombi langu, mlango umefungwa, na kwamba mimi ndiye niliyeutoa nje. Nikamtumia rekodi nzima, yenye maelezo. Akasema, "Kwa hiyo yule Mswahili wa mashuka hakuwa mwizi." Nikasema hakuwa. Akasema, "Maneno haya hayasemwi kwa simu, binti. Tumeshachoka na simu. Uje useme ukionekana." Nikampigia na kamanda wetu wa Migato, nikayarudia yote, nikamwomba kama kuna adhabu aniandike mimi. Hakuniahidi. Alisema tu kwamba mkutano ni Alhamisi, na watu wa Kimali wataalikwa. Kisha nikampigia Hamisi, nikamwambia mwanafunzi ni nani. Hakunitukana. Aliuliza saa ya mkutano.

Nimeomba ruhusa chuoni, nimepewa. Jumatano natoka hapa, nitalala Bariadi. Sitapitia nyumbani kwanza, Mama, ili asiwepo wa kusema kwamba tulipanga maneno. Nitashuka njiapanda niende moja kwa moja uwanjani, na nimemwambia kamanda aniweke wa kwanza kusema, kabla hawajakuita wewe.

Ni mimi mwanao,
Minza