Wapige Kabla Jua Halijapanda

Ukunda,
3 Juni 1997

Kwa Ami Nzioka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Kavenya, na kwamba hewa kavu ya Taru imekituliza kifua chako. Sisi huku hatujambo, ila shangazi Mwanapili goti linamsumbua kila mawingu yakitanda, naye analilaumu goti kuliko mawingu.

Ami, tangu ulipofunga stidio yako ya Kombani ukahamia kwa binti yako, sina wa kumwonyesha picha zangu. Wenzangu hapa hotelini, tunaofua mashuka pamoja, kila picha wanasema nzuri, tena kabla hawajaitazama. Sifa kama hizo hazinifundishi kitu. Nakutumia hizi: shangazi akikuna nazi, watoto wakiteka maji bombani, na mzee Shutu akishona viatu barazani kwake. Zote nimezipiga kwa kamera uliyoniachia. Nakuomba usinihurumie. Sitaki kuzeeka nikifua mashuka ya wageni, nataka kuwa mpiga picha kama wewe, na wewe ndiye pekee unayeweza kuniambia kama nina mkono huo au najidanganya.

Msalimie dada.

Ni mimi mwanao,
Abdurahman


Taru,
19 Juni 1997

Mwanangu Abdurahman,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimekaa kivulini nahesabiwa vidonge na Kavenya, kwa hiyo nimeipokea kwa furaha maradufu. Kifua ni afadhali. Mpe pole shangazi yako.

Nianze na jema, kwa kuwa lipo. Ile ya shangazi na mbuzi ya nazi, umengoja mpaka mwanga wa mlangoni ukamwangukia mkononi. Hilo halifundishwi. Nimeiweka kando ya kitanda changu.

Sasa tuje kwenye mengine. Mzee Shutu umemkata miguu. Fundi viatu, mwanangu, mtu ambaye maisha yake yote ni miguu, nawe umemkata magotini ukaniachia dari kubwa isiyo na kazi. Watoto wa bombani umewapiga kwa mbali mno. Nina swali, nawe unijibu kwa picha, siyo kwa maneno: ulikuwa unamtazama nani? Mimi naona ndoo. Chagua mtoto mmoja, msogelee, shika pumzi, ndipo upige.

Usinune. Ningekuwa nakuona huna mkono ningekusifu tu nikalale.

Hapa wananicheka wanaposikia unaniita Ami. Mkamba mzima, mzee wa kanisa, kuwa ami wa mtu! Nawaambia marehemu baba yako ndiye aliyeniita ndugu, na mimi sirudishi nilichopewa.

Ami yako


Ukunda,
14 Julai 1997

Ami yangu,

Shikamoo. Hali zetu si mbaya, alhamdulillahi. Natumai vidonge vimepungua.

Nisikufiche, barua yako ilinichoma. Nilikaa siku kadhaa sikuigusa kamera, nikijiambia mzee amekuwa mkali kwa ugonjwa. Kisha nikapita kwa mzee Shutu, nikamwona mguu wake mmoja umekanyaga ngozi huku mikono ikivuta uzi, nikajua picha ilikuwa pale chini na mimi nilikuwa nakodolea juu. Nimempiga upya. Mtazame. Lakini kuhusu ndoo nakataa. Maji yalikuwa hayajatoka tangu asubuhi, na kila mtoto pale alikuwa anaitazama ndoo yake.

Huku mambo hayako sawa, Ami. Vikaratasi vinaokotwa asubuhi vikisema wabara warudi kwao. Majirani zetu kutoka bara wananiita niwapige mbele ya milango yao, familia nzima, nao hawatabasamu hata nikiwatania. Wakishapata picha wanafunga virago. Nimekuwekea moja. Vijana wa mtaani kwetu hawalali tena nyumbani, wala mama zao hawasemi walipo. Juzi nilikuwa nampiga mbuzi tu njiani, wakatokea wawili nyuma yake. Mmoja alinishika mkono akaniambia nitoe mkanda wa filamu. Nikautoa. Aliuvuta wote juani, akaniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli naandikiana barua na mbara. Nilisema naandikiana na ami yangu.

Naogopa, na sijui naogopa nini hasa.

Mwanao,
Abdurahman


Taru,
4 Agosti 1997

Mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka kwa Kavenya. Mimi ni mzima.

Umenishinda kwa ndoo. Nimeitazama tena na umesema kweli. Mzee Shutu wa sasa ni mtu, wa kwanza alikuwa dari. Ile familia mlangoni sina la kukosoa, ila nilipoiona nilimwita Kavenya akae karibu nami. Yule mama ameshika kitasa cha mlango kana kwamba mtu anauvuta upande wa pili. Kaa mbali na vijana hao. Vikaratasi huja kila uchaguzi ukikaribia, vikaenda zake, basi usikubali vikunyime usingizi. Kamera iweke mkobani ukiwa njiani.

Sasa nina kazi ya kweli kwa ajili yako. Ndugu yangu Musyoki, wa kule kwenye mashamba ya walowezi wa bara Shimba Hills, anamwoza binti yake Jemima Jumamosi tarehe kumi na sita. Nimemwambia nitamletea fundi. Fundi ni wewe. Ukurasa wa pili ni wa maelekezo, utie mfukoni uende nao.

Fika alfajiri kabla nyumba haijaamka, ujue milango ilipo na jua litatokea wapi. Wapige kabla jua halijapanda. Anza na wazee, kwa kuwa wao hawakimbii. Musyoki ni mrefu, mpige kutoka chini, na usimkate kichwa kwa haraka. Wanawake watajificha jikoni, wafuate huko huko. Mtoto akilia usimbembeleze, mpige hivyo hivyo. Usiwape nafasi ya kujipanga. Usimwache hata mmoja, maana hawatakusanyika tena. Ukimaliza niletee, nitawasafisha mwenyewe.

Ami yako


Taru,
27 Agosti 1997

Mwanangu Abdurahman,

Salamu. U mzima? Shangazi yako je?

Redio inasema watu wameuawa Likoni, na vibanda vimechomwa mpaka huko kwenu Ukunda. Musyoki na watu wake walitoroka na nguo walizovaa, wamo uani kwangu ninapoandika. Arusi haikuwa. Wapo salama, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yao.

Wasiwasi wangu ni wewe. Nasikia baada ya wavamizi wamekuja askari, nao wanachukua kila kijana wa Kidigo wanayemkuta. Najua hukuwamo. Niandikie mstari mmoja tu, hata wa kuniambia niache kelele.

Ami yako


Rumande,
14 Septemba 1997

Ami yangu,

Shikamoo. Naandika kwenye karatasi ya sukari aliyoniletea shangazi Mwanapili, naye ndiye atakayeitia posta. Natumai wewe, dada na wageni wako mko salama. Mimi sijambo, ila jicho la kushoto bado halifunguki vizuri.

Askari walikuja mtaani kwetu wakatutoa vijana wote tukakaa chini barabarani. Kamera waliichukua, na leo hakuna anayekumbuka kuwahi kuiona. Katika mfuko wa shati langu la kazi walikuta ukurasa wako wa pili. Wa kwanza ulikuwa kwa shangazi, nao siku hiyo uliungua paa la nyumba lilipotiwa moto.

Ami, usome ukurasa ule kama mtu asiyetujua. Wapige kabla jua halijapanda. Anza na wazee. Usimkate kichwa kwa haraka. Nitawasafisha mwenyewe. Neno picha halimo hata mahali pamoja. Nani humwandikia mpiga picha neno picha? Afisa alinisomea polepole, kisha akataka kujua Musyoki ni nani, na nilipomwambia ni Mkamba aliyekuwa anamwoza binti, alifunga mlango.

Kila siku swali ni moja, Ami ni nani. Wanasema ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyewalisha vijana kiapo msituni. Niliwaambia ni mzee wa Kikamba, mzee wa kanisa, yuko Taru anakunywa vidonge. Walicheka mpaka mmoja akaketi. Mkamba gani anaitwa Ami?

Wanasema nitapelekwa mahakamani, na wenzangu waliokwisha kupelekwa haijulikani watarudi lini. Usije, nakusihi. Njia si salama kwa mtu wa jina lako. Mwambie mchungaji wako aandike, agonge muhuri.

Mwanao,
Abdurahman


Taru,
19 Septemba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa nimekaa. Pole sana. Nakulilia jicho lako.

Umenikosoa bila kukusudia, na nimepokea. Miaka yote nimekufundisha kutazama kilicho nyuma ya mtu kabla ya kupiga, na mimi nikaandika bila kutazama kilicho nyuma ya maneno. Redio ilikuwa inanguruma habari za uchaguzi pembeni yangu nami naandika kuhusu vichwa. Nina hasira na nafsi yangu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Barua ya mchungaji haitatosha. Watasema nayo imeandikwa na Ami. Lazima wamwone huyo Ami alivyo, kofia na kikohozi. Nitakuja Jumatatu. Sitapita Likoni, nitapita Kinango hadi Kwale. Nabeba picha zako zote na barua zako, niwaonyeshe kila neno na picha yake.

Kavenya ameficha viatu vyangu. Musyoki, ambaye nyumba yake imechomwa, ananiuliza kama nimerukwa na akili kumfuata Mdigo huko. Nimemjibu kwamba Mdigo huyo alikuwa aje kumpiga akiwa amevaa suti, nayo ingempendeza. Hakucheka, lakini amenipa viatu vyake. Vinanibana kidogo.

Jikaze. Maneno ni yangu, nitayasemea mwenyewe.

Ami yako


Ukunda,
20 Oktoba 1997

Kwa Ami Nzioka,

Shikamoo. Natumai hujambo. Nimekaa na mstari huo kwa muda mrefu kabla ya kuendelea. Mimi ni mzima, jicho limefunguka. Shangazi anakusalimu. Mvua imeanza huku, kubwa, na paa letu jipya linavuja.

Waliniachia siku ile ile uliyokuja, jioni. Afisa mwenyewe alinisimulia. Alisema mzee mmoja aliingia akataka kuona barua yake. Akaisoma kwa sauti mbele ya kaunta yote, na kila akifika kwenye neno anaweka picha juu ya meza. Akapiga magoti sakafuni kuwaonyesha mtu mrefu hupigwaje bila kukatwa kichwa, na askari wawili wakamsaidia kuinuka. Aliwaambia kijana huyu ana mkono mzuri kuliko wake, na kwamba wakifunga mikono kama hiyo watabaki na picha za vitambulisho tu. Hukuniambia mimi hivyo hata siku moja, Ami. Nimeyasikia kwa aliyeniumiza jicho.

Ulikuwa umekwisha kuondoka nilipotoka. Uliwaambia huwezi kungoja giza, utateremka Kombani ukaone stidio yako ya zamani kisha utafute gari la kurudi.

Dada Kavenya ameniandikia kwamba hujafika. Alipaswa kujibiwa yeye, lakini kumwandikia yeye ni kukubali jambo ambalo sijalikubali, kwa hiyo nakuandikia wewe, nikijua ni yeye atakayeifungua.

Nimekwenda Kombani mara nyingi. Dama, yule anayeuza mihogo karibu na mlango wako, alikuona. Anasema ulisimama ukiutazama mlango huku umevua kiatu kimoja. Wakaja vijana watatu wakakuamkia kwa adabu, wakakuuliza jina. Nawe ukawatajia lote, la Kikamba, kwa ile sauti yako. Wakakuuliza unatafuta nini huku. Ukasema umemfuata mwanao, Abdurahman wa Ukunda, na wewe ni ami yake. Dama anasema walicheka. Mmoja akakushika mkono kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka, mkaenda nyuma ya soko, kwenye njia inayoingia mikoroshoni. Hakuthubutu kuuliza. Nami sikumlaumu, ingawa nilitaka.

Nimeripoti. Yule afisa ameandika. Nimeingia mikoroshoni na wazee wawili tukatembea mpaka njia ikaisha.

Dada anataka kuona mahali hapo. Hawezi kushuka, Musyoki hamruhusu, naye ana haki. Amesema nimpigie picha, aone tu pakoje. Nimeazima kamera hotelini. Nimeipiga njia ile asubuhi, nikaipiga adhuhuri, nikaipiga leo baada ya mvua. Nimezitia zote ndani ya bahasha hii.

Ni mbaya, Ami. Nasogea karibu, naona mchanga. Narudi nyuma, naona miti. Sina cha kuweka katikati. Nitazame tena kama unavyonitazama, usinihurumie, uniambie nisimame wapi.

Mwanao,
Abdurahman