Kiingereza Hakina Mjomba

Lindi,
5 Februari 1957

Mjomba wangu mpendwa,

Kabla sijakusalimia, nakuomba kwa jina la marehemu mama: maneno ya barua hii yasitoke nje ya chumba unachosomea. Usimsomee mtu yeyote, hata Dionis aliyeileta, maana Dionis akijua jambo asubuhi, kufika adhuhuri lori zima la mbata linalijua. Ukimaliza, itie motoni. Sikuituma kwa posta kwa sababu karani wa posta hunywa chai na makarani wenzangu wa hapa.

Sasa shikamoo, Mjomba. Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako lina hali gani? Wa nyumbani hapo Mchinga hawajambo? Mimi mzima wa mwili. Usingizi ndio sina.

Jambo lenyewe ni la dada Helena. Unajua anamaliza digrii yake ya sayansi Makerere mwaka huu. Kuna skolashipu moja ya Uingereza ya kuwaendeleza vijana wa sayansi na uhandisi wanaomaliza digrii, na katika Jimbo zima la Kusini wamemchagua yeye peke yake. Atasomea miamba, na maji yaliyo chini ya miamba. Wamebakiza kitu kimoja tu. Kwa kuwa ni mwanamke na hajaolewa, mzazi lazima atamke mbele ya Bwana, yule Mzungu mkuu wa ofisi yetu, kwamba ameridhia aende ng'ambo.

Jana Baba aliitwa. Alikuja na koti lake la kanisani, amesugua mikono mpaka chokaa ya uashi ikatoka yote. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Bwana akauliza, "Unamruhusu binti yako?" Baba akatazama chini kwa heshima, akasema, "Mimi siwezi kulisema hilo. Neno la mtoto huyu lina mwenyewe."

Wewe sina haja ya kukueleza kwamba alikuwa anakutaja wewe. Bwana ndiye niliyepaswa kumweleza: kwamba sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mwenye neno juu yake ni mjomba, na baba akitangulia kusema "ndiyo" amemvunjia mjomba heshima. Sikumweleza. Nilifasiri kama nilivyofundishwa shuleni, neno kwa neno: anasema hawezi kulisema.

Bwana akasema, "Basi amekataa." Akanitazama kama nina la kuongeza. Ulimi ulinikauka. Sikuongeza.

Ameniagiza nipige taipu barua ya kwenda Dar es Salaam, kwamba baba mzazi amekataa na nafasi apewe mwingine. Bado sijaipiga. Nifanye nini? Nishauri, lakini tafadhali usije ofisini. Bwana hapendi kelele.

Mpwa wako,
Romani


Mchinga,
7 Februari 1957

Mpwa wangu Romani,

Milele amina, na marahaba. Goti ni lile lile, linalalamika kuliko mke. Wa nyumbani wazima, wanakusalimu bila kujua kwamba umeandika. Barua nimeichoma kama ulivyotaka, ingawa ilikuwa karatasi nzuri ya kusokotea tumbaku.

Kwanza mshukuru baba yako. Ambrosi aliachana na dada yangu zamani, lakini adabu hakuachana nayo. Mbele ya Mzungu, katika chumba ambacho mimi simo, alinitunzia kiti changu. Wewe ulifasiri maneno yake, ukamwacha mwenyewe amesimama pale hajafasiriwa.

Pili, unanieleza habari za miamba na maji kana kwamba mimi mgeni. Tulipokuwa bado Newala, mama yenu alikuwa akitelemka ukingo wote wa uwanda wa juu tuliokaa mpaka kwenye chemchemi ya bondeni, mtungi kichwani, Helena mgongoni, kisha anapanda nao. Nusu ya siku kwa mtungi mmoja. Siku moja Helena, hajaota hata meno ya ukubwani, akaniuliza: "Mjomba, maji haya si yanatoka chini ya huku huku kwetu? Mbona hatuyachoti huku?" Nilimwambia aache ubishi, akaokote kuni. Tangu hapo namtafutia mtu wa kumjibu. Leo wamepatikana watu wa kumjibu, halafu akose kwa sababu ulimi wako ulikauka? Kunywa maji, bwana. Lindi yapo.

Nenda kwa huyo mkubwa wako. Mwambie mtoto ana mjomba, na mjomba amesema ndiyo. Kama hajui mjomba ni nini, mfundishe. Si umesoma? Na Helena mwenyewe, kuna aliyemuuliza?

Umesema nisije. Nimesikia. Nitakuja.

Mjomba wako,
Severini


Lindi,
12 Februari 1957

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole na goti. Nakuomba na hii uichome.

Nilikwenda. Nilibisha mlango kwa kidole kimoja, na nilipoambiwa ingia nilitamani nisingesikia. Nikamwambia, "Bwana, yupo mjomba." Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu neno hilo halipo. Kwa Kiingereza ndugu wa baba na ndugu wa mama wanaitwa jina moja, na mume wa shangazi naye yumo humo humo. Nililitumia hilo hilo, sikuwa na jingine. Bwana akanijibu, "Mimi ninao watano wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja ninayemwomba ruhusa ya kuvuka barabara."

Nikajaribu tena. Akaniinulia mkono. Akasema alichotaka ni neno la baba, na baba amelisema. Kisha akasema msichana mwenye digrii anatosha kufundisha hesabu, mawe ni kazi ya wanaume. Mwisho akanielekeza dirishani. "Romani, wanaotaka kiti chako wamejaa barazani. Piga ile barua."

Mjomba, nimefanya jambo la kitoto. Nimeuchomoa utepe wa mashine ya taipu nikauficha stoo, ndani ya birika bovu la chai. Nimemwambia Bwana kwamba utepe umekwisha na mpya umeagizwa Dar es Salaam. Wino wa utepe ulinipaka shati, na siku nzima nimekaa nimekunja mikono kifuani kama mtu mwenye homa. Tarishi ameuliza kama ninaumwa. Nimesema ndiyo, naye ameniletea kwinini, na nimeinywa.

Nakusihi usije. Akikuona wewe atakumbuka mimi ni ndugu wa nani.

Mpwa wako,
Romani


Mchinga,
20 Februari 1957

Romani,

Salamu nitaziweka mwisho, kama zitabaki.

Juzi nilikuja. Tarishi akaniambia karani ametoka. Nikasema nitamngoja, nikakaa kwenye benchi. Mbele yangu kulikuwa na mlango wa stoo, na chini ya mlango kulikuwa na viatu vya kahawia, pua zake zimeelekea ukutani. Viatu hivyo navijua. Nilivinunua mimi, ulipopata kazi, ili usiingie ofisini kwa kandambili za tairi.

Basi nikaingia kwa Bwana peke yangu. Kiswahili chake ni cha kumwagizia mpishi, lakini tulisikilizana.

"Wewe nani?"

"Mjomba wa Helena."

"Mjomba kitu gani?"

"Mimi ni mama yake. Mama yake wa kiume."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama mwanamume!" Akalirudia kwa Kiingereza, nadhani, ili alicheke tena kwa lugha yake. Kisha akamwita tarishi anitoe. Kijana wa watu alinishika kiwiko kama anashika yai, ananong'ona, "Niwie radhi, mzee." Nilipofika mlangoni niligeuka nikasema kwa sauti ya kuvuka kiambaza: "Nimeridhia aende! Mimi mwenye neno, nimeridhia!" Nilitaka Bwana asikie, na stoo isikie. Bwana alicheka. Stoo ilinyamaza.

Kicheko chake hakikuniuma. Hakuzaliwa kwetu, hakuna aliyemfundisha, na aliyepaswa kumfundisha alikuwa anatazama ukuta. Viatu ndivyo vilivyoniuma. Njia nzima ya kurudi Dionis aliniuliza nina nini, nikamwambia goti.

Kama bado uko nyuma ya mlango, kaa humo humo. Sikuandikii tena mpaka viatu hivyo vigeuke.

Salamu zimebaki chache: Mungu akulinde.

Mjomba wako bado,
Severini


Lindi,
14 Machi 1957

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti limepata nafuu, maana nataka kulituma safari. Mara hii naanza na salamu kama mtu mwenye adabu, kwa kuwa sina la kuficha. Barua hii usiichome. Mwambie Dionis aisome kwanza, ili habari zifike Mchinga yote bila sisi kuchoka.

Barua yako ya mwisho nilikaa nayo mfukoni, nikashindwa kujibu. Kila nikiandika "Mjomba wangu" nayaona maneno hayo yamepita uwezo wangu, nachana karatasi. Kumbe Bwana naye alichoka kungoja utepe. Akaichukua kalamu akaandika mwenyewe Dar es Salaam kwamba baba amekataa. Barua yake ndiyo iliyomponza. Mmoja wa wale wanaochagua wanafunzi aliposoma kwamba baba amekataa bila kutaja sababu, akapanda meli akaja Lindi kusikia kwa masikio yake. Ni mama wa Kiingereza, mtu mzima, mwenyewe mtaalamu wa mawe. Soli za viatu vyake zimeliwa upande mmoja kama za mtu wa kupanda milima.

Leo asubuhi Baba akaitwa tena. Koti lile lile. Mgeni upande huu, Bwana upande ule, mimi katikati. Akaulizwa swali lile lile, na Baba, kama unavyomjua, akatazama chini akajibu yale yale: "Mimi siwezi kulisema hilo. Neno la mtoto huyu lina mwenyewe."

Ulimi ukakauka, Mjomba. Ukakauka vile vile kama siku ile. Nikasema hivyo hivyo, ukiwa umekauka.

Nilifasiri hivi: "Anasema ndiyo, kwa moyo wake wote. Lakini kwetu si yeye wa kutangulia. Wa kutangulia ni kaka wa mama yake Helena, ambaye kwetu naye ni mama. Na mtu huyo alikwisha kuja katika chumba hiki hiki, akasema ndiyo, akachekwa, akatolewa nje. Mimi nilikuwa nimejificha stoo. Nilisikia yote."

Bwana akasimama. "Hakusema yote hayo! Alisema sentensi mbili!"

Nikamwambia, "Ndiyo, Bwana. Na hayo ndiyo yaliyomo ndani yake."

Baba naye akanivuta shati. "Mbona umekwenda mbali hivyo? Umewaambia nini?"

"Ulichosema, Baba. Kiingereza hakina mjomba. Imebidi nimtengeneze hapa hapa."

Baba akaangua kicheko, ofisini, mbele ya watu! Mgeni akauliza anacheka nini, nikamfasiria na hilo. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Huyo mama wa kiume yuko wapi?" Nikasema yuko Mchinga, anakata mbata na kuuguza goti. Akasema meli yake inaondoka Jumamosi jioni. Akikusikia wewe mwenyewe ukisema ndiyo, nafasi ni ya Helena, na hakuna wa kumpinga. Akasema pia kwamba leo hii anampelekea Helena simu ya maandishi kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mjomba, ni mtu wa kwanza baada yako kuliuliza hilo. Jibu tunalijua.

Alipotoka, Bwana hakupandisha sauti. Alisema tu, "Romani, funguo za ofisi." Nikaenda stoo, nikautoa utepe kwenye birika, nikaurudisha mezani kwake na funguo juu yake. Akautazama utepe, akanitazama mimi. Sikudanganyi, ninaogopa. Sina kazi, na sijui nani Lindi atanipa nyingine akisikia nilivyoondoka. Lakini nikiulizwa tena kesho nitafasiri vile vile, na nikisahau neno nitaongeza.

Sasa njoo. Panda lori la Dionis kesho Ijumaa. Mvua ikiwakwamisha kwenye matope, shuka utembee, goti na lije likilalamika. Usishuke ofisini, mimi sipo tena pale. Shuka sokoni, shika njia ya Mtanda, ulipite duka la mafuta ya taa, kisha uulize nyumba ya Bi Maftaha anayeuza vitumbua. Mlango wake ni wa bati, na mimi nakaa chumba cha uani. Baada ya hapo ukitaka kuniandikia, andika Romani Ambrosi, kwa Bi Maftaha, Mtanda, Lindi, uitie posta kama barua za watu wote. Bwana naye nimemwachia anwani hiyo mezani kwake, akinihitaji.

Lakini kesho huenda usihitaji kumuuliza mtu. Nitakuwa nje, barabarani, mbele ya mlango. Tazama chini utafute viatu vya kahawia. Pua zake zitakuwa zimeelekea Mchinga.

Mpwa wako,
Romani