Kura za Mbalamwezi

Jumapili, 20 Septemba

Walter, mhariri wangu, kapiga simu kutoka Dar. Anataka ramani: ni akina nani hasa wanaomuunga mkono Gervasi? Mhubiri huyu anagombea ubunge katika uchaguzi mdogo. Anahubiri vilabu vya pombe vifungwe, ngoma za usiku zikome, wanawake "warudi kwenye heshima". Na hili ni jimbo ambamo Mkristo anaoa Muislamu, karamu inaliwa pande zote mbili, na hakuna anayeuliza. Walter kasema nianzie makanisani, Kalinzi. Sawa.

Jumatano, 23 Septemba

Kalinzi. Bodaboda toka Gungu, vumbi mpaka kwenye meno. Mkutano wa Gervasi kanisani, watu sitini na wawili – nimehesabu mara mbili. Mzee Feliksi, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, anampenda Gervasi madhabahuni. Bungeni anataka mtu wa kuleta barabara.

Nimerekodi hotuba yote kwa simu. Dakika ya kumi na tisa, kuhusu mwalo, ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki: "Mwanamke hana kazi mwaloni alfajiri, katikati ya wanaume. Nikipita, mwalo utakuwa wa wanaume." Makofi machache.

Kura zake haziko hapa.

Jumamosi, 26 Septemba

Mwaloni, kaskazini mwa mji. Mwezi mpevu. Mitumbwi imevutwa mchangani: kukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi wavuvi hupumzika wiki nzima.

Gervasi kapata watu zaidi ya mia nne. Karibu wote wanawake. Hijabu na rozari bega kwa bega.

Nimekaa na Hidaya, mzaliwa wa Ujiji, arobaini na kitu. Alfajiri ananunua dagaa wabichi mitumbwini, anaanika, anauza. Watoto wanne wanasoma kwa kazi hiyo. Nikamuuliza kama sheikh wake anajua yuko kwa mhubiri. Rozalia, mwenzake wa kuanika, akadakia kwamba sheikh hajawahi kulala na mlevi. Wakacheka. Hidaya hakucheka. Alisema mumewe akiwa ziwani hana neno. Wiki ya mbalamwezi yuko kilabuni tangu asubuhi, na jioni mkono wake unakuwa mwepesi.

Nimehoji kumi na wawili. Dini kaitaja mmoja.

Gervasi kahubiri dhidi ya vilabu saa nzima. Lile la mwalo hakuligusa. Wiki hii anazunguka mialo mitatu. Anaijua kalenda ya mwezi kuliko Walter na mimi.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimempelekea Walter: usizitafute kura zake misikitini wala makanisani, zitafute pale wanaume wanaposhinda nchi kavu. Kajibu kwamba anataka picha ya kanisa.

Kinachonisumbua ni ile dakika ya kumi na tisa. Hidaya hasomi gazeti. Atampigia kura mtu wa kumfungia kilabu, na mtu huyohuyo amtoe mwaloni. Nikimsikilizisha rekodi, nimefanya kampeni? Hapana. Kauli ya mgombea, maoni ya anayeguswa. Ni kazi ya kawaida. Nimeandika sentensi hii mara mbili, kwa hiyo sina uhakika.

Ijumaa, 2 Oktoba

Mitumbwi ilirudi ziwani jana. Naandika mwaloni, alfajiri, mgongo kwenye mti wa kuanikia nyavu.

Nimemsikilizisha. Rozalia alikuwepo, na wengine watano sita wakasogea. Rozalia akasema huyo anawasema wahuni wa kilabuni, si wao.

"Rudisha," Hidaya akasema.

Nikarudisha.

"Hakusema wahuni. Kasema mwanamke."

Rozalia akamwambia apoe, shoga: kwanza kilabu kifungwe, hayo mengine watamweleza akishapita. Tena nani asiyejua wanaume hawawezi kuanika. Hidaya akamuuliza nani basi atakayemnunulia dagaa mitumbwini – yule mume wa kilabuni?

Taa za mitumbwi zinakaribia. Wanawake wameingia majini hadi magotini, beseni kichwani, kila mmoja anamwita mvuvi wake kwa jina.

Na gari la Gervasi limefika. Lina spika juu ya paa. Mara yake ya kwanza kuja asubuhi ya kazi. Ameshuka, amesimama, anawatazama wanawake majini. Anatabasamu na kupunga mkono. Wengine wanampungia.

Hidaya hajaingia majini. Kachukua simu yangu bila kuomba, anaelekea kwenye gari. Mtumbwi wa kwanza umegusa mchanga na dagaa wanagombewa. Rozalia ananipigia kelele toka majini nimzuie, atakosa mzigo.

Sijainuka. Mhubiri kamwona anakuja, kampa kipaza sauti.