Kahawa Niliyoitia Mkobani

Jumamosi, Kihanga. Ukungu umegoma kuondoka mpaka saa nne, na mimi nimeamka na aibu yangu ileile.

Ngoja niseme ukweli. Jenista hakuacha mazoezi kwa uvivu. Mimi ndiye niliyemponza.

Ana miaka kumi na minane na mtoto wa miezi saba. Shule aliiacha akiwa na mimba. Kabla ya kujiunga na timu yetu ya mpira wa pete ninayoifundisha, alikuwa anashinda kilabuni, akinunuliwa rubisi, pombe ya ndizi, na wanaume wenye umri wa baba yake. Tukaanza mazoezi ya jioni, akawa hakanyagi tena huko. Nilijidai, wee!

Wiki mbili zilizopita nikaenda kwa mama yake kumwombea ruhusa acheze mechi ya kule Kaisho. Nikakaribishwa akamwani, kahawa kavu za kutafuna anazopewa kila mgeni. Mimi na haraka zangu za kurudi dukani, nikazitia mkobani, nikaaga.

Nimezaliwa hapa, jamani. Najua kabisa kwamba mgeni asiyetafuna anamwambia mwenye nyumba kuwa anaogopa kulishwa sumu.

Mama akamkataza binti timu. Juzi nikasikia Jenista ameonekana kilabuni.

Leo nikajikokota mpaka kwao. Nikaamkia shikamoo, mama akaitikia bila kunitazama, anapukuchua maharage yake. Nikasema nimekosa, sina cha kujitetea. Akainuka, akaniletea kahawa. Nikatafuna, nikaketi, tukaongea habari za mvua, ng'ombe na goti lake linalomsumbua. Timu niliogopa hata kuitaja.

Akaitaja yeye. Alisema binti anarudi ananuka pombe na mjukuu analia njaa. Halafu akanitazama.

"Mwanangu, mimi sikukataa mpira. Nilikataa dharau."

Nikaokota kahawa nyingine, nikatafuna.

Saa kumi Jenista akafika kiwanjani. Pumzi hana, mipira mitatu imemponyoka mikononi, wenzake wakamcheka na yeye akacheka. Mama alikuja naye, mjukuu mgongoni, akakaa pembeni mazoezi yote. Mtoto alipolia, Jenista akatoka, akanyonyesha, akarudi kucheza.

Njia yao ya kurudi nyumbani inapita mlangoni pa kilabu. Nilisimama kiwanjani nikiwasindikiza kwa macho, roho mkononi. Ya kesho siyajui. Leo wamepita pale wote watatu, na hawakusimama.