Sauti Tatu za Tarumbeta ya Baba

Chiwata, 14 Oktoba 1994

Kaka Isaka,

Shikamoo. Huku tunaokota korosho, na mbuzi wako kazaa mapacha. Baba anakohoa kidogo tu, usihangaike.

Kaseti ya jazi uliyonitumia imenitia wazimu! Nimeazima tarumbeta ya Baba, ile anayopigia misiba, na kila jioni najifunza kupiga bluzi bila karatasi ya muziki, sauti moja ikinipeleka kwa nyingine. Jumatano zikanijia sauti tatu, taratibu, tamu, nikazirudia. Kumbe ndizo za kuitia watu msibani.

Wakaja mbio kutoka mashambani, wanaume na majembe yao. "Nani amefariki?" Nikawaambia hakuna, najifunza tu. Hakuna aliyecheka. Mama Gift akamtazama Baba alivyolala mkekani, akaanza kulia. Majembe wameyaacha ukutani kwetu, hawajayafuata mpaka leo.

Asubuhi hii Baba kaniita. "Ile sauti ya mwisho umeiharakisha," akasema. "Ivute. Siku yenyewe hakuna mwingine wa kuipiga."

Panda basi, Kaka, kabla sijaiweza.

Mdogo wako,
Yuliana